Video ya Maziko Iliyofutwa Getini

Waliokwenda makaburini kumzika mjukuu wangu ni hawa. Mwanangu wa kiume, mjomba wa marehemu, alibeba jeneza upande wa mbele. Imamu wa msikiti wetu hapa Tororo. Jirani yetu fundi wa matofali, mtu wa upande wa Kwapa, Mkristo, ambaye mtoto alikuwa akimwita "bosi wangu". Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu mdogo, anayeuza simu Busia upande wa Kenya. Na waumini wengine, ambao majina yao ninayo yote kichwani, la mtu na la baba yake. Hapa sitaandika jina hata moja. La mpwa wangu lilishaandikwa kwenye daftari la kambi ya jeshi, linatosha.

Baba wa mtoto alijiendea zamani, mtoto hajaota meno. Mama yake, binti yangu, yuko Arabuni kwa kazi za nyumbani. Mimi nilikuwa uani, maana kwetu wanawake hatufuati jeneza. Tunabaki tunasikiliza miguu inavyokwenda.

Mtoto alikuwa na ugonjwa wa siko seli. Alikufa alfajiri, na kwetu maiti halazwi. Tajiri wa binti yangu alimpa simu dakika chache tu, kisha akaichukua mpaka magharibi. Katika dakika hizo binti alisema, "Mama, nichukulieni video. Kuanzia mlangoni mpaka udongo wa mwisho. Msikate. Na leso yangu ya kijani iko sandukuni, mshike hiyo juu ya kaburi." Mtoto wa kike husitiriwa kwa nguo wakati wa kuteremshwa.

Nikampa mwanangu leso. Mpwa wangu nikamwambia, "Leo wewe ndiye macho yetu sisi wawili."

Njia ya makaburini inapita ubavuni mwa kambi ya wanajeshi. Makaburi yalitangulia; mama yangu amelala humo tangu kambi haijajengwa. Ukutani kuna kibao, kimechorwa kamera iliyopigwa mstari mwekundu. Hata mimi niliyeishia darasa la pili nakielewa. Siku ile hakikunijia akilini, na mpwa wangu hakukiona. Alikuwa akitazama jeneza.

Wakati wa kwenda, mlinzi wa getini alivua kofia, akasimama kimya mpaka jeneza likapita. Waliporudi ndipo akamnyooshea mpwa wangu mkono. Nasimulia kama alivyonieleza mwanangu.

"Wewe. Lete simu. Nani natuma wewe kupiga picha ya geti?"

"Afande, tulikuwa tunazika mtoto."

"Mimi naona. Pole sana. Lete simu." Akatazama kitambulisho. "Aa, Mkenya! Nyinyi hata maiti mnaweka kwa mtandao?"

Fundi akaingilia. "Afande, ukuta ni kidogo tu humo. Futa ukuta, acha mtoto."

Haikuwezekana. Video ilikuwa moja tu, ndefu, kwa sababu tulimwambia asikate. Mkubwa wao akatoka, akaeleza bila ukali: geti, ukuta, mnara, magari ya jeshi, havipigwi picha, hata kama ni harusi. Anayetaka aandike barua ya kuomba ruhusa, angoje jibu.

"Na maiti naye angoje?" mwanangu akauliza.

Mkubwa akaichukua simu. Alifuta yeye mwenyewe.

Mpwa wangu alikalishwa pale mpaka alasiri, akaandikwa jina, akaachiwa na simu yake tupu. "Mama mkubwa, nisamehe," akaniambia. Nikampa chai, hakuinywa.

Sheria siikatai. Watu wabaya wapo, na askari nao wana mama zao. Ila ukuta ule nimeupita maisha yangu yote, naweza kukuchorea kila ufa wake. Kilichofutwa ni kile nisichokiona.

Baada ya magharibi simu ikaita.

"Mama, imefika?"

Nikamweleza. Kisha akasema, "Basi niambie wewe. Nani aliteremka naye kaburini? Leso yangu ilimsitiri?"

Sikujua. Sikuwa nimeona, kama yeye tu.

Nikaanza kuwauliza mmoja mmoja. Walioteremka ni mwanangu na imamu, hapo wote wanakubaliana. Fundi anasema mvua ilidondoka kidogo. Imamu anasema lilikuwa jua. Kuhusu leso, mwanangu anaapa ndiyo iliyoshikwa. Imamu anasema lilikuwa shuka jeupe la msikiti. Mpwa wangu, aliyekuwa akitazama kwenye kioo cha simu, anasema machozi hayakumwachia rangi yoyote. Leso yenyewe ilirudi nyumbani imekunjwa, ina udongo upande mmoja. Sijaifua.

Kila Ijumaa binti yangu ananiuliza tena. Namwambia, "Naendelea kuuliza, mwanangu."

Ndiyo maana nimeandika. Wewe uliyekuwepo, ukiona nimekosea, kama ni mvua au jua, nani alisimama wapi, njoo unisahihishe. Nyumba unaijua. Na kama uliiona ile leso, anza na hiyo.