Skrini Aliyoichagua Placida

Placida alizaliwa Muleba, akasomea upigaji chapa. Vita vya Rwanda vilipowamwaga watu Karagwe, akapata kazi katika ofisi yetu ya kuwatafutia wakimbizi watoto waliopotezana nao. Alipenda vitu vya kupendeza. Hata kompyuta aliifumia kitambaa, kama redio ya sebuleni.

Mwaka 1995 programu ya kuingilia kwenye kompyuta ikawa inakwama, na fundi Gaudiosus akaja kuibadilisha. Alituonyesha mbili. Moja ilikuwa nyeusi tii, inakuuliza jina na neno la siri, basi; kila mmoja wetu angeweza kuingia kwa lake. Nyingine ilikuwa na picha ya maua na jina lako kwa herufi kubwa.

"Hii ya maua ukiifunga, hafungui mwingine ila wewe," alisema Gaudiosus. "Hata mkizima na kuwasha. Uzuri wa mkakasi, dada."

"Wafadhili wanakuja. Wakute giza?"

Mkuu wetu akamuunga mkono Placida. Yale maua yalipendeza kweli, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Wiki ile ile ikaja habari kwamba shangazi yake amefariki. Kwetu msiba haungoji; aliyeshika jembe analitupa. Placida alifunga kompyuta, kwa kuwa alikuwa mfanyakazi nadhifu, akadandia lori la ndizi kwenda kwao, ambako hakukuwa na simu.

Kesho yake akaja Mukabera kutoka kambini. Alisikia binti yake yu hai katika kituo fulani cha watoto. Kipi? Vituo vilikuwa vingi, na mkimbizi hakupewa kibali cha kwenda zaidi ya ofisi yetu bila kutaja aendako. Jina la kituo lilikuwa ndani ya kompyuta. Tulijaribu kila neno, mpaka majina ya watakatifu, maua yakatukodolea macho tu. Mukabera alikaa barazani, na kila asubuhi akarudi.

Placida aliporudi kutoka mazikoni, alifungua mara moja. Mtoto alikuwa kijiji cha pili tu, ng'ambo ya bonde. Wakaenda pamoja kwa miguu. Mlezi wa kituo akawapeleka nyuma ya migomba, kwenye udongo mbichi. Surua. Walimzika juzi.

Placida alikaa chini palepale. Mukabera akamshika mkono.

"Shangazi yako, mwanangu, uliwahi kumzika?"

"Niliwahi, mama."

"Mungu ashukuriwe."