Seredani Chumbani mwa Mama

Kaka yangu ni mtu wa hadhari, na hadhari yake ndiyo iliyotutia taabuni. Likizo ya baridi, kabla hajachukua watoto kwenda kupiga kambi mchangani, kule jangwani, aliizunguka nyumba yetu ya Sidab, huku Omani, kama mkaguzi. Alifunga mtungi wa gesi, akajaribu makufuli, akachomoa hita ya chumbani mwa mama na kuipandisha juu ya kabati, maana alisikia kuna mtu kaunguza nyumba kwa hita. Kisha akatuandikia kwenye kundi la familia mambo yote ya kuangaliwa. Makaa hakuyataja. Nani kwetu anaogopa makaa? Makaa ndiyo udi, ndiyo harufu ya nyumba yenye heshima.

Siku ya pili yake ikanyesha, na madirisha yetu yanavuja. Dada yangu mkubwa akayafunga yote, akaziba kwa mataulo kila pahali. Mama, ambaye tangu atoke Unguja hajapatana na baridi ya huku, akaanza kulalamika miguu. Hita iko juu ya kabati na amri ya kaka ni amri, basi dada na wifi yangu wakawasha seredani ya makaa, wakaiweka karibu na kitanda cha mama, na nguo mbichi wakazitandaza juu ya viti zikauke. Mimi nilikuwa kazini Maskati. Ofisi yetu haijui likizo za skuli.

Niliporudi alasiri, wifi alinipokea mlangoni. Mama ametapika, kichwa kinamgonga, maneno yanamponyoka. Nikauliza tangu lini. Tangu adhuhuri. Na daktari je? Hakuna daktari, kwa sababu dada keshapata jawabu: ni jicho. Jana walikuja wageni, mmoja akasifu vipi mama hazeeki, na mashaallah hakusema. Basi dada kamfukiza. Ubani na mavumba, chetezo kinazungushwa kichwani, na kila mama akizidi kulegea yeye anazidisha makaa. Mlango nao wameufunga, moshi usitoke bure.

Nilimkuta dada amekaa kitandani, chetezo mkononi, macho mekundu, na mkono wa pili ameshika kipaji. Nikamuuliza kama na yeye kichwa kinamuuma. Akasema kidogo. Wifi akasema chake pia, lakini akienda jikoni kinapoa.

"Jicho gani hilo," nikamwambia dada, "linapiga watu watatu, na jikoni halithubutu kuingia?"

Akanijibu kuwa nimesoma mpaka nimepoteza dini. Wallahi damu ilinipanda. Nikang'oa mataulo, nikafungua madirisha mvua ikaingia, nikaikamata seredani kwa khanga na kuikokota mpaka uani. Dada nyuma yangu anapiga kelele zulia litaharibika. Zulia! Mama hajui hata jina langu saa ile, yeye analilia zulia. Mimi na wifi tukambeba mama tukamtia garini, na dada akapanda nyuma na chupa yake ya maji ya kombe, yaliyooshewa aya.

Daktari, kijana wa Kiomani, kitu cha kwanza aliuliza kama tulikuwa na makaa ndani. Akanieleza kuwa makaa yakiwaka pasipo hewa hutoa gesi isiyo na harufu, inaingia damuni na kumziba mtu pumzi bila mwenyewe kujua. Kila baridi huletewa watu walioota moto hemani, na wengine hawaamki. Mama akatiwa oksijeni. Dada alisikiliza yote hayo, kisha akasema alhamdulillahi, ubani ndio uliomshikilia mpaka tukafika. Nilitoka nje. Dada yangu aliyenilea mgongoni, ningebaki pale ningemzaba kofi mbele ya watu.

Kaka alipofika kutoka mchangani, la kwanza alilouliza ni nani aliyeigusa gesi. Nilimwambia alivyostahili kuambiwa, na sina haja ya kuyarudia hapa.

Mama akapona, Mungu mkubwa. Siku ya kurudi nyumbani dada alitusubiri mlangoni na chetezo kimekolea, ampokee mama kwa udi. Nikakichukua mkononi mwake nikakimwagia maji. Dada akalia. Mama hakulia.

"Hata udi?" akasema. "Nnaingia nyumbani kwangu kama naingia hoteli?"

Nikamlaza, nikamshushia hita nikamwashia, na dirisha nikaliacha wazi kidogo. Nikajaribu kumweleza habari ya ile gesi, kwamba ilibaki kidogo tumkose. Akasema hita haitaki, anataka chumba chake kinukie. Nikamwambia makaa humu hayaingii tena maadamu mimi ni mzima. Akanigeuzia mgongo, akajifunika shuka mpaka kichwani. Mpaka leo mama akitaka kitu, humwita dada.