Dada Yangu, Gari la Kukodi na Meli ya Farasan

Mtu aliyesomea fasihi chuo kikuu, akaishia kwenye dawati la mapokezi Olaya, Riyadh, akiwaonyesha wageni lifti ilipo, hujifunza kutotaka mengi. Dada yangu hajajifunza hilo. Kwa miaka mingi amefanya kazi za ndani Al-Malqa, kaskazini mwa mji huohuo, katika nyumba yenye ngazi nyingi kuliko watu. Alipokaribia kurudi Kenya moja kwa moja, alikuwa na haja moja tu. Hakutaka dhahabu wala zulia. Alitaka kuvuka maji akiwa amekaa ndani ya gari.

Asiyekulia Likoni, Mombasa, huenda asielewe. Sisi tulivuka feri kila asubuhi kwenda shule, kwa miguu, tukishuka ule mteremko mbio na umati, kisha tukabanwa kati ya mkokoteni wa maji na ubavu wa gari la mtu. Siku moja, ndani ya gari lililotubana, dada alimwona mama mmoja amefunga vioo, anakula maandazi taratibu, anatutazama kama mtu anavyotazama mvua.

"Na mimi nitavuka vile," dada alitangaza. "Nimekaa, naendeshwa."

Nikamuuliza, gari gani? Akanifinya. Nadhani alama ipo bado.

Mwaka huu madam wake alihamia Jeddah kwa muda, kumuuguza mama yake, akaenda na nyumba nzima, dada akiwemo. Huko akampa siku chache za mapumziko kabla ya safari ya nyumbani. Siku hiyohiyo dada akanipigia simu.

"Mdogo wangu, kule Jizan kuna meli inabeba magari kwenda kisiwa cha Farasan. Wewe si una leseni?"

"Ninayo."

"Umewahi kuendesha tangu uipate?"

"Hilo ni swali la kumvunjia mtu heshima."

"Basi hujaendesha. Njoo hivyohivyo."

Nikamwambia angoje, wiki mbili zijazo atakuwa Likoni, kuna feri mchana na usiku. Akacheka. "Likoni? Wenye magari siku hizi wanazunguka na barabara mpya. Halafu nusu ya watu pale ni binamu zetu. Wakiniona na gari watapanda wote."

Nikaenda Jeddah. Gari tulilikodi Sharafiya, kwenye duka lililobanwa kati ya wauza simu na ofisi ya kutuma pesa. Mwenyewe ni mzee aliyezaliwa Jeddah na wazazi wa Unguja, na Kiswahili chake kimebaki vilevile alivyokipokea kwa bibi yake. Alituuliza tunakwenda wapi. Nikasema kusini. Jizan iko kusini, hapo hakuna wa kunibishia.

Dada aliketi kiti cha mbele, akavua viatu, akajifunika leso. Nieleze hapa kwamba yeye ndiye dereva wa familia ya madam. Tangu wanawake waruhusiwe kuendesha, madam alimpeleka akasomee leseni, na tangu hapo yeye ndiye wa kuwapeleka watoto shule na bibi yao hospitali. Lakini siku hiyo hakutaka hata kugusa ufunguo. Aliegemea, akafumba jicho moja, na kwa lile la pili akasimamia uendeshaji wangu.

"Yalla, profesa. Hata ngamia wametupita."

"Naheshimu sheria."

"Sheria gani inakataza gia ya nne?"

Tulifika Jizan jioni, tukalala, asubuhi tukaenda bandarini. Tiketi tulikuwa nazo, zangu, zake na za gari. Dada alikuwa amenunua maandazi. Hayakufanana sana na maandazi, lakini alitafuta mji mzima mpaka akayapata, akayaweka mapajani bila kuyagusa, maana yalikuwa ya kuliwa juu ya maji.

Langoni askari akainama dirishani. Dereva aingie na gari, akasema, abiria ashuke, apite kwenye ukumbi wa abiria, basi litampeleka melini. Nikamjibu kwa Kiarabu changu kizuri, kile cha mapokezi, kwamba huyu ni dada yangu na tuko pamoja. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo kila mgeni nchi hii huanza nalo na humaliza nalo: mafi. Hakuna. Gari na dereva wake, halas.

Haikutupitia akilini hata kidogo. Kwetu sisi feri ni feri ya Likoni. Mwenye gari hukaa garini na wenziwe, wa miguu husimama, na dunia yote imegawanyika hivyo. Tulikuwa tumeendesha mchana kutwa kando ya Bahari ya Shamu ili dada aambiwe tena apande kwa miguu.

Alianza kuvaa viatu. Alivivaa polepole, kimoja kimoja, kama mtu aliyeitwa jikoni wakati ndiyo kwanza ameketi. Akakunja leso. Nilikuwa na hotuba tayari, kuhusu bahari kuwa ileile kwa aliyeketi na kwa aliyesimama, na namshukuru Mungu kwamba gari la nyuma lilipiga honi kabla sijaianza.

"Leseni yangu iko mkobani," dada akasema.

"Lakini ulitaka kuendeshwa."

"Nilitaka kukaa. Kuendeshwa na wewe nimeshaonja tangu jana. Inatosha."

Tatizo ni kwamba gari la kukodi hapa huandikwa kwa jina la dereva kwenye mtandao wa serikali, na langoni wanatazama. Askari akatusogeza pembeni. Mkifanikiwa kabla lango halijafungwa, akasema, mtaingia. Nikampigia mzee wa Sharafiya.

"Ati mko wapi?"

"Bandarini, mzee."

"Bandarini mnatafuta nini na gari yangu?"

"Inataka kupanda meli."

"Gari ndiyo inataka, au nyie ndio mnaotaka?"

Nikaeleza mambo yote, Likoni, yule mama wa maandazi, askari. Nilieleza vizuri mno, kwa mpangilio, mpaka dada akaninyang'anya simu.

"Shikamoo baba. Mie ndiye mwenye shida. Nataka uniongeze niendeshe."

"Marahaba mwanangu. Weye umepata kuendesha?"

"Kila siku, Riyadh. Nabeba watoto watano wa madam, na mama mkwe wake nyuma yangu, ananielekeza kila kona."

"Na huyo mama mkwe yu hai?"

"Yu hai, baba. Anazidi kunenepa."

"Basi nitumie ikama na leseni. Na breki ya mkono uivute sana, chombo kikicheza gari isije ikaota mbawa."

Tukatuma picha za leseni na za ikama, kibali chake cha ukaazi, tukangoja. Magari yakaendelea kuingia. Dada aliikodolea simu kana kwamba ni sufuria ya maziwa. Askari alikuwa ameshashika lango wakati ujumbe ulipoingia. Aliutazama, akamtazama dada, akamtazama mwanamume anayeshuka upande wa dereva na kwenda kusimama kwenye foleni ya abiria, akafungua.

Kupitia kioo cha ukumbi, nikiwa kati ya familia zenye birika za kahawa, niliona mbwa wa ukaguzi akilizunguka gari letu akinusa, kisha nikaliona likielekea kwenye mdomo wa meli. Lilikwenda polepole kuliko hata nilivyoliendesha mimi. La nyuma likapiga honi. Dada hakuongeza mwendo hata kidogo. Aliinua mkono mmoja, nao ulikuwa na andazi, akalila huku akipanda, hadi giza la ndani likammeza.

Alikuja juu sitahani baadaye sana, wa mwisho kabisa.

"Ulikuwa wapi?"

"Wanataka watu washuke garini. Nikamwambia baharia natafuta kiatu."

"Ulikipata?"

"Nilikitafuta mpaka meli ikaondoka."

"Ilikuwaje?"

Akafikiri. "Giza. Inanuka dizeli. Mbele yangu lori la vitunguu, sioni hata tone la maji." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Nimekaa, lakini. Meli ikatikisika na mimi nimekaa tu!"

Farasan niliteremka na wa miguu, nikamkuta nje ya lango amewasha gari, ananingoja. Nikaingia. Mbele yetu kulikuwa na barabara nyeupe, mchanga, na mzunguko usio na gari hata moja. Ndipo tukatambua kwamba hakuna aliyewahi kuuliza kisiwani kuna nini.

"Twende wapi?" akauliza.

"Sijui."

"Si wewe uliyesoma?"

"Sikusomea hapa."

Akatazama bahari, akatazama barabara, akarudi kwenye bahari. "Meli ya kurudi saa ngapi?"

"Mchana, bado sana."

"Basi tukapange foleni mapema," akasema, akawasha taa ya kukata kona, ingawa barabara nzima hapakuwa na mtu wa kuiona.