Nimerudi kwenye pikipiki baada ya diski ya mgongo kutoka, na sielewi mgongo wangu unataka nini

Wakuu, heshima mbele. Nawaandikia kutoka Lubumbashi, nimekalia mto kama bi harusi kwa sababu ya mgongo.

Yote nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe. Palipo na aibu nimeiacha ilivyo. Palipo na sifa mtanivumilia, kwa sababu sifa ninazo.

Mnijue kidogo kwanza. Nimezaliwa Kamalondo, hapa hapa mjini, baba alitoka Kasai. Niliondoka hapa na begi moja, nikaishi Dar miaka kumi na mmoja. Nilianza kwa kubeba mizigo Kariakoo, nikajisomesha mwenyewe, nikapata diploma ya umeme wa viwandani. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Nikarudi nyumbani. Nikafungua karakana ya kusuka mota na pampu za maji hapo hapo Kamalondo, nikajenga nyumba Naviundu, pembezoni mwa mji. Mtaani naitwa Ingénieur. Jina hilo sikujipa, ingawa sikulikataa.

Pikipiki yangu ni 150, nyekundu. Huku pikipiki tunaiita moto, Kifaransa hicho, kwa hiyo mkiona mtu anasema moto hapo chini, hakuna kilichoungua.

Sasa tuje kwenye mgongo.

Mteja alileta pampu ya kisima. Fundi mwenzangu alikuwa ametoka kutafuta waya. Mteja akaniambia, "Ingénieur, tungojee mwenzako, hii kintu iko muzito."

Mimi huyu, wa Kariakoo, ningoje?

Nikainama, nikanyanyua. Nikasikia kiunoni kama mtu amezima swichi. Pampu niliifikisha mezani, sikuiangusha, hilo naomba lieleweke. Ila kunyooka ndiyo sikuweza. Mteja alinisindikiza hadi kwenye teksi nikiwa nimekunjwa kama herufi C.

Picha ya IRM, nyie mnaiita MRI, ikaonyesha diski kati ya pingili ya nne na ya tano imetoka nje, inagandamiza mshipa wa fahamu. Mguu wa kushoto ukawa unawaka kuanzia kalio hadi kisigino. Baadaye kuwaka kukapungua, ikaja ganzi.

Wenye pikipiki mnanielewa. Mguu wa kushoto ndio wa gia. Siku moja nilikaa juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, nikajaribu kupandisha gia. Ilibidi niuangalie mguu kwa macho nijue umefanya nini, kwa hisia sikuwa na habari nao.

Daktari akasema, "Ingénieur, moto usahabu." Yaani pikipiki niisahau.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, huku tunamwita kiné, ni mama mmoja anaitwa Mama Béa. Yeye akasema, "Docteur anaonaka picha. Miye minaona muntu. Tutaona."

Wote wawili wana vyeti ukutani, na mimi naheshimu vyeti. Nimfuate nani?

Nilifanya mazoezi ya Mama Béa miezi minane. Kulala chali, kukunja goti moja, kuokota kitambaa sakafuni kwa vidole vya mguu. Mtu mwenye diploma anaokota kitambaa kwa vidole vya mguu na kupigiwa makofi. Lakini hisia zikarudi, kidole kimoja kimoja.

Hapo mke wangu, Mama Gracia, akanikalisha chini.

"Baba Gracia, sikia. Utapanda moto yako, sikatae. Lakini siku muguu inalala tena, hata kidole moja, moto inatoka mu hii parcelle. Na weye mwenyewe njo utaniambia. Miye sitakuuliza."

Parcelle ni uwanja wa nyumba, na njo ni ndiye. Nikakubali. Nikaapa kabisa, mkono juu.

Msidhani ni starehe tu. Visima vya wateja wangu viko pembezoni, mvua ikinyesha gari halifiki. Bila pikipiki kazi yangu inabaki nusu. Na nikiri na hili: miezi yote hiyo nilikuwa abiria, nyuma ya mtu mwingine, nimeshika kiuno chake. Mimi.

Sasa hapa ndipo mkanganyiko unapoanza.

Wakati nimelala, pikipiki nilimwazima shemeji yangu Kalala, mdogo wake Mama Gracia. Kwetu kitu ulichoazima kwa shemeji hakirudi kama kilivyoenda. Ukichukua sufuria, inarudi na unga ndani. Kwa hiyo Kalala aliirudisha imeoshwa inang'aa, tangi limejaa, kiti kimeshonewa ngozi mpya.

"Beau, nilikutengenezea yo muzuri. Utaona," akasema. Beau ni shemeji, Kifaransa tena.

Nikajua anasema kiti. Nikamshukuru, tukanywa soda. Sikuinama kuikagua. Huwezi kukagua kitu mbele ya shemeji aliyekurudishia, ni kama kumwita mwizi. Na akishaondoka ukikagua, umemwita mwizi kimyakimya.

Mama Béa akaniruhusu dakika kumi za kuanzia.

Tuta la kwanza tu, maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Nikarudi nyumbani natabasamu ili mke asione. Safari ya pili, vile vile. Ya tatu nilisimama karibu na daraja la mto Naviundu, nikakaa juu ya jiwe, wapita njia wakanisalimia, "Ingénieur, unapumzika?" Nikasema naangalia maji.

Nikavaa mkanda wa mgongo. Nikaweka mto. Nikapima upepo wa matairi, nikakagua plagi, betri, waya zote. Umeme wa pikipiki ulikuwa safi kabisa. Mimi ni mtu wa umeme.

Ajabu ni hii. Siku za kazi nilikuwa napanda kwa Trésor, dereva wa pikipiki ya abiria. Nyie mnawaita bodaboda, sisi tunawaita manseba. Pikipiki yake imechakaa, kiti kimetoa sponji, anapita kwenye mashimo kama ana ugomvi nayo. Na sikuumia! Barabara ile ile, tuta lile lile, mgongo ule ule.

Ninyi mngeelewa nini? Mimi nilielewa kwamba mgongo wangu umekubali kubebwa na umekataa kuendesha. Shangazi yangu akasema kuna mtu ananionea wivu tangu nirudi kutoka Dar. Sikumwamini, lakini wiki nzima nilikuwa natazama majirani.

Nikaamua kuiuza. Trésor alikuwa anaitamani siku nyingi, nikamwita nyumbani aione. Mama Gracia alikuwa anaanika nguo pembeni.

Trésor akakaa juu ya kiti. Akajirusha mara moja. Akajirusha tena. Akaanza kucheka.

"Ingénieur! Hii moto iko ya makala!"

"Makala gani? Mimi nabebaka mamota."

"Shuka chini, angalia."

Nikashuka chini, polepole, kwa goti kama Mama Béa alivyonifundisha. Shokapu za nyuma zilikuwa na springi mbili mbili, ya pili nzito imeingizwa juu ya ile ya kiwandani na kushindiliwa kwa vyuma vilivyochomelewa. Wabeba mkaa, huo ndio makala, wa barabara ya Kasenga hufanya hivyo ili pikipiki isilale ikipakiwa. Kumbe miezi yote ile Kalala alikuwa anabeba makala, na alipoirudisha aliniachia springi zake kama zawadi. Ndiyo ile "muzuri" yake.

Trésor bado anacheka, ananihesabia magunia manne. "Ukitia masac ine ya makala, inalala muzuri. Weye moja? Hata haijue kama uko juu. Diplôme haikukuambia?"

Mama Gracia alicheka mpaka akaangusha shati kwenye vumbi.

Wakuu, mimi nasuka mota ya pampu nimefumba macho. Nilikuwa nimeshautuhumu mgongo wangu, majirani, na wivu wa watu. Pikipiki yenyewe sikuituhumu, kwa sababu imepitia mikono ya shemeji.

Tulizitoa springi siku hiyo hiyo. Nikapanda, nikaenda hadi kwenye tuta. Pikipiki ikazama, ikainuka, mgongo kimya. Nikapiga honi bila sababu yoyote. Trésor alikasirika kidogo, maana pikipiki haiuzwi tena.

Mngedhani hadithi inaishia hapo. Mimi pia nilidhani.

Wiki kadhaa nikaendesha vizuri. Kisha Jumapili moja, sijagusa pikipiki siku mbili, nimekaa kanisani kwa adabu zangu zote, mgongo ukaniuma mpaka nikashindwa kusimama wakati wa kuimba. Kanisani, wakuu. Benchi halina springi hata moja.

Nikarudi kwa daktari, picha mpya. Akaziweka mbili pamoja dirishani, akaangalia, akavua miwani.

"Diski iko vile vile. Haikusonga hata kidogo. Sasa unatembeaka namna gani?"

"Docteur, miye njo nilikuja kukuuliza."

Ile diski iliyonilaza miezi minane bado iko nje kama mtu aliyekaa mlangoni, na mimi naendesha. Daktari bado anasema niache. Mama Béa anasema niendelee, nisikae sana, nisinyanyue pampu. Pikipiki ngumu iliniumiza, pikipiki laini hainiumizi, benchi la kanisa linaniumiza. Ninyi wasomi mnipangie hiyo hesabu, mimi imenishinda.

Kalala naye alikuja kututembelea. Akabonyeza kiti kwa mkono, kikazama. Akanitazama kwa huzuni.

"Beau, maressorts yangu ilienda wapi?"

Nikamwambia springi zake nimezitunza, kazi nzito bado haijafika. Ziko chini ya meza ya karakana, nimezifunga kwa gunia. Kuzirudisha siwezi, ni zawadi.

Funzo ninalo, nisije nikaambiwa nimewapotezea muda. Kagueni chombo kilichorudi hata kama aliyekirudisha mmeoa kwao, mwageni hata maji karibu yake mjifanye mnafuta. Msinyanyue mzigo peke yenu kwa sababu mteja anatazama. Na yale mazoezi ya kitambaa, yafanyeni, hata mkichekwa.

Ila kilichonifanya nifungue uzi huu ni cha leo asubuhi.

Huku ni kiangazi, na kwetu kiangazi ndicho msimu wa baridi, asubuhi inakata. Nimetoka Naviundu na viatu vyepesi. Nilipofika Kamalondo, natafuta gia ya pili, kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikuwepo. Vinne viko, cha tano hakuna. Nilishuka, nikauweka mguu karibu na mbabula, yaani jiko la mkaa, la mama anayeuza beignets, maandazi ya huku, jirani na karakana. Baada ya muda kidole kikarudi.

Nilimuuliza Trésor. Akasema asubuhi hizi hata yeye vidole havisikii. Lakini Trésor hana diski iliyotoka. Na Trésor hakuapa mkono juu.

Hata kidole kimoja, alisema Mama Gracia.

Nimerudi nyumbani, nimekaa, nawaandikia. Hajaniuliza kitu, kama alivyoahidi, na mimi bado sijamwambia. Ametoka jikoni na beseni la maji ya moto, ameliweka chini, upande wa kushoto, karibu kabisa na mguu. Kisha amekaa kwenye kiti cha mbele yangu, anachambua mchele.

Waliowahi kuumwa diski na bado wanaendesha, njooni hapa. Ganzi ya baridi na ganzi ya mgongo mnazitofautisha vipi? Nijibuni kabla maji hayajapoa.