Mzee wa kanisa alisema yuko kwenye mfungo, mke wangu akaokolewa na mama wa baibui

Wakuu, heshima kwenu. Leo sileti stori ya kusikia. Imenikuta mwenyewe hapa Chake Chake, na mpaka naandika bado mdomo uko wazi.

Mimi mtu wa bara, kazi ndiyo imenileta Pemba. Wakristo huku tuko wachache, kanisani tunajuana wote.

Mzee wetu wa kanisa ni suti kila Jumapili, Biblia ya zipu kwapani. Akiomba, bati linatetemeka.

Halafu kuna Mama Neema, muuza mboga. Amepanga kijiji cha Vitongoji, uani kwa Bi Time. Anavaa baibui kwa kumheshimu mwenye nyumba na majirani, na kanisani anakuja nalo.

Mzee akamtoa kwenye kwaya mbele ya watu. "Huwezi kumwimbia Bwana na vazi hilo."

"Sawa mzee," akajibu, akahamia benchi la nyuma.

Sasa miezi miwili iliyopita wife kajifungua, damu ikagoma kukata. Nesi akanivuta pembeni: "Nduguzo wako wapi, baba? Damu yatakiwa sasa hivi."

Ndugu gani, wakuu? Wangu wote wako Singida! Na damu yangu ilikuwa imeshakataa kuendana na yake.

Nikaandika kwenye grupu la kanisa. Mzee akajibu kwa voice note. Maombi mazito, mwishoni: "Nipo kwenye mfungo mwanangu, mwili hauna nguvu."

Wengine wakaandika Amina. Amina nyingi, mtu hakuna.

Nikatoka mbio geti la hospitali nitafute yeyote. Mgahawa wa jirani, namuona nani? Mzee! Wali, pweza, analamba vidole.

Jamani! Nikageuka bila salamu, nikarudi getini.

Hapo hapo bodaboda ikasimama, akashuka Mama Neema, baibui limejaa vumbi. "Wapi wanatolea damu, shemeji?" Hakuuliza kingine.

Damu yake ikakubali. Wife yuko hai.

Jumapili hii ndiyo wife karudi kanisani. Mzee mimbarini: "Maombi yetu yamemrudisha dada yetu! Njoo utoe ushuhuda!"

Wife hakwenda mbele. Alienda benchi la nyuma, akamlaza mtoto mapajani kwa Mama Neema, juu ya lile baibui.

"Ushuhuda wangu ni huyu."

Nilichojifunza: suti na sauti visikubabaishe. Imani utaiona siku unapohitaji mtu.

Sasa mzee anataka wife aombe radhi kwa kumdhalilisha. Nyie wakuu mnasemaje, aombe radhi ya nini?