Yule Mdogo Nimempasua

Mume wangu ana mdomo mchafu kuliko bucha, na hajawahi kumpiga hata mende. Nalisema hili mapema kwa sababu waliompiga walikuja kuniambia kaponzwa na maneno yake. Mdomo huponza kichwa, sawa, methali tunaijua sote. Lakini methali haishiki tofali. Tofali linashikwa na mtu, na mtu huyo anatoka kwenye nyumba ninayoijua.

Ni fundi wa kamera za video, hizi ndogo za kushika kwa mkono mmoja ambazo watu hurekodia harusi na watoto wakizima mishumaa. Mtaani wanamwita Daktari. Kwake kamera si kifaa, ni mgonjwa. Hasemi imeletwa, anasema kaletwa. Hasemi nimeifungua, anasema nimempasua. Lenzi ni jicho, maikrofoni ni sikio, ile bodi kubwa ya ndani ni ubongo. Ikishindikana kabisa, mgonjwa kafa, na aliyekufa huchinjwa, viungo vyake vikatibu walio hai. Nimekaa naye mpaka na mimi nikaambukizwa. Mteja akipita kuulizia kamera yake namjibu, "Wako bado yuko chumba cha upasuaji, kaka," tunacheka, anaenda zake.

Chumba chetu cha kazi ni kimoja, tumekigawa kwa mbao. Mbele nakaa mimi na cherehani yangu, nashona mapazia. Nyuma ya mbao yupo yeye, meza yake, taa yake ya shingo ndefu, na makopo ya vipuri. Mdomo mchafu nimeshasema, lakini mikono yake, jamani. Aliipaka mafuta kila jioni, wakati mimi mkewe mgongo wangu alikuwa akiupaka mpaka nimgombeze. Hakupasua kuni, hakubeba ndoo, hata mlango wa bati alinisubiri nifunge mimi. Nilikuwa namwambia, "Basi nipe suruali nivae mimi." Ananijibu vidole vyake vikikakamaa tutakula hayo mapazia.

Na ni kweli, kazi yake ni ya vidole. Kwanza anatoa betri, anatoa kadi, anachomoa waya wa ukutani. Skrubu anazipanga kwenye karatasi aliyoichora umbo la kamera, kila moja pahali ilipotoka, maana ndefu ukiirudisha kwenye tundu la fupi inatoboa bodi. Vumbi hapulizi kwa mdomo, mate yanaharibu. Ana kipira kile cha kuvutia makamasi ya mtoto mchanga, ndicho anachopulizia. Na zile zenye taa ya kupigia picha anaziogopa. Ndani zina kitu kinaitwa kapasita, kinahifadhi umeme hata betri ikiwa imetolewa. Mkono wa kushoto anautia mfukoni, ili umeme ukimkamata usipite kifuani kutoka mkono huu hadi ule. Kwa mkono wa kulia anashika koleo la mpini wa mpira lenye rizista, kile kipande kidogo cha kumeza umeme, anaigusisha kwenye miguu ya kapasita mpaka umeme uishe, kisha anapima kwa mita. "Huyu amekata roho," huniambia kabla hajamgusa, "lakini bado anauma."

Siku yenyewe mtaa ulikuwa umechanganyikiwa. Mtoto wa jirani yetu wa uani, binti mdogo tuliyemwita Kibonge kwa sababu ya mashavu yake, alikuwa hajaonekana tangu jana yake. Tulimtafuta wote. Mume wangu mwenyewe aliingia kwenye mtaro na tochi, amejivika mifuko ya plastiki mikononi, akiita jina la mtoto mpaka sauti ikamkauka. Asubuhi hiyo Mama Kibonge alikuwa anapita duka kwa duka na picha kwenye simu. Alipofika kwangu macho yalikuwa yamemvimba. Nilimkalisha, nikampa maji, akanywa funda moja akatoka kupitia uchochoro wa pembeni.

Hapo ndipo simu ya mume wangu ikaita. Alikuwa ndio kwanza kafungua kamera yenye taa. Akaniambia nisiiguse, bado ina umeme, akatoka nje kwa sababu mule ndani mtandao unakatika. Aliyepiga ni fundi mwenzake wa upande wa pili wa mji, anatafuta lenzi. Laini ilikuwa mbovu, na mume wangu laini ikiwa mbovu hupiga kelele utadhani anamwita mtu ng'ambo ya mto.

"Yule mdogo? Hakupona. Nimempasua jana. Jicho nimemtoa, ninalo hapa kwenye kopo, zima kabisa. Ukitaka na ubongo njoo. Mwili nimeutia kwenye mfuko mweusi, jioni nautupa."

Nilikuwa nayasikia maneno hayo na naendelea kukata kitambaa. Kwangu yalikuwa maneno ya kawaida. Mama Kibonge alikuwa hatua chache tu, uchochoroni, amesimama.

Angemuuliza nani huyo, tungemaliza kwa kicheko au kwa matusi. Hakuuliza. Alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa binadamu, akamrukia mume wangu usoni kwa kucha. "Amemchinja mwanangu. Amemtoa macho." Aliyarudia hayo tu, na kila alipoyarudia watu walizidi kutokea: vijana wa pikipiki, wauza mboga, fundi baiskeli wa kona. Gazetini huwa wanaitwa wananchi wenye hasira. Mimi naweza kukuonyesha milango yao.

Nilitoka na rula yangu ya mbao. Mume wangu alikuwa bado na simu sikioni, damu inamtiririka shavuni, anasema, "Mama, sikiliza, ni kamera." Tofali la kwanza likampata nyuma ya sikio. Akapiga magoti. La pili sikuliona, nilisikia tu lilivyotua. Nikaanza kupiga na mimi. Nilipiga yeyote aliyekuwa mbele yangu, mgongo, uso, sijali, mpaka rula ikavunjika, nikauma mkono wa mtu mpaka nikasikia chumvi. Kijana mmoja akanishika nywele akanibamiza ukutani. Jino langu hili la pembeni liliishia pale.

Nilipiga kelele, "Ni kamera, ni kamera." Nani asikie. Watatu waliingia ndani kutafuta maiti ya mtoto. Wakapata mfuko mweusi, wakaumwaga barabarani, vikatoka magamba ya plastiki na nyaya. Mtu mwenye akili angekoma hapo. Mmoja akaokota kopo, akatoa lenzi, akaiinua juani. "Mbona kioo tu," akasema. Mwenzake akamjibu, "Cha uganga hicho." Wakati huohuo fundi baiskeli akaikamata ile kamera iliyo wazi mezani. Kapasita ikamrusha, akaanguka chali juu ya mapazia yangu huku analia kwa sauti ya kike. Basi hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Amezindika nyumba, wakasema, ni mchawi, muueni asije akatumaliza.

Sasa kila aliyekuwa anasitasita akapata sababu. Walileta mbao za masanduku ya nyanya. Walileta mnyororo wa pikipiki. Mimi nilikuwa chini, mtu amenikalia mgongoni, na kupitia miguu yao nilimwona mume wangu. Alikuwa amejikunja kifudifudi kwenye vumbi, na mikono ameiweka chini ya tumbo, ameilalia. Kichwa alikuwa amewaachia. Mgongo amewaachia. Mbao ilitua kisogoni na sikuona hata kidole kimoja kikitoka kwenda kujikinga. Mtu yeyote angeinua mikono, mwili wenyewe huinua. Yeye alikuwa anaifunika kwa mwili wake kama mama anavyomfunika mtoto. Nikaelewa kwamba anadhani atapona, na akipona atataka kufanya kazi. Nililia pale kuliko nilivyolia msibani kwa mama yangu.

Kwa nyuma ya kundi nilimwona pia muuza ndoo. Duka lake linatazamana na letu. Mume wangu anamwita kaka, kwa hiyo mimi kwake ni shemeji, na kila asubuhi huja kunitania kwamba nikichoka na Daktari yeye yupo. Alichelewa kufika kwa sababu alikuwa kwanza anaingiza ndoo zake ndani asije akaibiwa. Alipofika mduara ulikuwa umefunga. Nikamwona ananyanyua visigino, anatafuta pa kupenya, nikasema moyoni, Mungu ni mkubwa, kaka yake amekuja kumtoa. Nilimwita. Nadhani aliniona.

Kisha simu ya Mama Kibonge ikaita. Alikuwa na jiwe mkono wa kulia, simu akaitoa kifuani kwa kushoto. Alisikiliza. Uso wake ukalegea, jiwe likamponyoka.

"Yupo," akasema. Halafu akasema tena kwa sauti ndogo, "Yupo kwa baba yake. Wifi yangu anasema baba mtu alimchukua jana bila kuniambia. Anakula uji."

Mbao zikashuka. Aliyenikalia akainuka, akajipangusa magoti, hakunitazama. Mtu mmoja akasema kwamba na yeye Daktari asiwe anaongea hivyo barabarani. Mwingine akasema twendeni. Mduara ukaanza kufunguka, na Mama Kibonge akaketi chini palepale, akajifunika uso kwa khanga.

Mume wangu naye alikuwa amesikia. Alikuwa hai na alikuwa amesikia. Alitoa mikono chini ya tumbo, polepole, mizima, haina hata mkwaruzo, akaweka wa kulia chini, vidole vimetawanyika, ili ajiinue.

Muuza ndoo akapita palipofunguka. Alikuwa amevaa buti zile za mvua. Akainua mguu, akaukanyaga ule mkono kwa kisigino, akausaga, akageuka akaondoka na wenzake.

Ndani ya mwili wa mume wangu, alivyosema daktari wa kweli, hakuna kilichoharibika kisichopona. Kichwa kilishonwa. Mbavu ziliunga. Sikio linamvumia siku za baridi. Vidole vinne vya mkono wa kulia ndivyo vilivyosagika mifupa, viliunga vilivyotaka vyenyewe, na havifungi. Kijiko anashika. Bisibisi hapana. Alijaribu siku moja, akadhani nimelala, skrubu ikamwanguka mara nyingi mpaka akaacha kuitafuta, akazima taa akabaki amekaa.

Sasa hivi nafungua mimi. Anakaa pembeni yangu, ananielekeza: toa betri, chomoa waya, mkono wa kushoto mfukoni, pima, pima tena. Vidole vyangu vimezoea sindano, si vibaya. Ila mimi ni mtu wa hasira, na kamera haitaki hasira. Nimeshakata nyaya ambazo yeye angezipita amefumba macho. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza.

Mama Kibonge alikuja hospitalini akalala sakafuni miguuni pa kitanda, nami nikamwacha alale. Ni mama. Yule nimemsamehe, na kama sijamsamehe basi nitamsamehe.

Muuza ndoo alikaa muda mrefu bila kuvuka barabara. Siku moja akaja na kitambaa chini ya kwapa, anataka mapazia ya chumba. Akanisalimu shemeji. Akauliza kaka anaendeleaje. Nilikuwa na mkasi mkononi, nikaupeleka mwisho wa meza, mbali, kwa sababu najijua. Nikamwambia wale wengine naelewa, walidhani ameua mtoto. Wewe ulikuwa umesikia kwamba mtoto yupo. Ulisikia kama mimi nilivyosikia. Kwa nini?

Hakukasirika, wala hakuona haya. Alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu ambacho hajakiuza siku nyingi, akaninong'oneza ili nyuma ya mbao kusisikike.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuwa bado sijampiga."