Daraja la Majimoto

Mnazi wa binti yetu ulijilea wenyewe kwa miaka zaidi ya ishirini bila ya kumsumbua mtu. Taabu zake zilianza siku niliyostaafu.

Mimi nimezaliwa Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo udongo wake wote ulikuwa ndani ya makopo matatu ya mrehani. Tulipohamia Kiembe Samaki nilikuwa na kazi ya ofisini, na uwanja niliuona nikitoka asubuhi na nikirudi magharibi. Nilipostaafu ndipo nilipouona kweli, nikaupenda kwa pupa. Nilipanda ukoka mbele ya baraza. Niling'oa ndago mpaka vidole vikachubuka, maana ndago ukiling'oa leo, kesho linakuamkia. Nilinunua toroli, mkasi mkubwa na bomba la dawa la kubeba mgongoni. Mke wangu akaanza kuniita Bwana Shamba, na mimi sikuona kama ni utani.

Kisha nikawageukia majimoto. Hao ni chungu wekundu wanaoshona majani ya mti yakawa viota, na ukishaumwa nao huhitaji kuelezwa jina wamelipata wapi. Wa kwetu waliishi kwenye mwembe wa jirani, wakavuka ukuta kwa tawi moja lililogusa mnazi, na kutwa walikuwa wakienda na kurudi. Mkwezi alilalamika kila aliposhuka. Basi nikalikata lile tawi, nikampa mkwezi bomba, akapanda nalo akanyunyiza mpaka kileleni. Baada ya alasiri niliuzunguka mnazi mara tatu nisimwone hata chungu mmoja. Niliingia ndani kifua mbele.

Miezi miwili baadaye vidaka vikaanza kupukutika. Kidaka ni nazi changa kabisa, ndogo kama yai, na kila asubuhi nilikuta vinne au vitano juu ya ukoka wangu, vina makovu meusi yanayotoka utomvu. Nikamwagilia maji, nikatia samadi, vikazidi. Wiki hiyohiyo binti yetu akapiga simu kutoka Dar es Salaam, anakoishi na mumewe, kutwambia ana mimba ya miezi miwili.

Furaha ilinijaa, kisha nikaingiwa na baridi. Kitovu cha binti yetu kimezikwa chini ya mnazi ule. Mama mkwe wangu ndiye aliyeupanda juu yake, kwa mche aliokuja nao kutoka kwao Kizimkazi. Na kwa wanawake wa ukoo wao, mwenye mimba ya kwanza hurudi kujifungulia kwa mama yake, na kabla ya uchungu kumshika hunywa dafu la mnazi wake mwenyewe. Mama mkwe alilinywa la kwake, na mke wangu la kwake.

"Baba," binti yangu aliniuliza, "mnazi wangu una madafu?"

"Yatakuwepo, inshallah," nilimjibu. Juu hapakuwa na hata moja la kutegemewa.

Mama mkwe akaja wiki iliyofuata. Nilimwamkia, akaitika, lakini hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mnazi, akaushika, akatazama juu, akaokota kidaka akakigeuzageuza mkononi.

"Majimoto wako wapi?"

Mtu hamdanganyi mkwewe. Mimi nilimdanganya. "Naona wamehama, mama."

"Wamehama," alisema. "Hata kuaga hawakuaga."

Akanieleza taratibu kwamba kuna mdudu wa kahawia anayefyonza vidaka, na mdudu huyo hana anachokiogopa ila majimoto. Mnazi wenye majimoto unamtesa mkwezi, lakini unazaa. Nilimsikiliza nikitazama vidole vya miguu yangu. Bomba la dawa lilikuwa limesimama nyuma yake, ukutani mwa jiko, jekundu, na sikujua kama ameliona.

"Haya, tuwajengee daraja," alisema.

Alitaka kamba ya usumba wa makumbi, si ya nailoni, kwa kuwa ya nailoni inateleza. Alitaka na matumbo ya samaki. Nilikwenda sokoni mbiombio nikarudi na vyote. Ncha moja ya kamba tukaifunga kwenye mwembe, karibu na kiota, tukaivusha juu ya ukuta, ncha ya pili tukaifunga kwenye mnazi. Yale matumbo akayapaka kwenye mnazi penye fundo. Jirani yetu, mwenye mwembe, akatoa kichwa juu ya ukuta.

"Nyinyi watu vipi?" alisema. "Juzi mmelikata tawi mkawapiga dawa, leo mnawaunganishia."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama mkwe alikuwa ameinamia lile fundo, na fundo likamchukua muda mrefu sana.

Nikaweka kiti chini ya kamba. Saa nzima hakutokea hata mmoja. Kisha chungu mmoja akatoka kwenye mwembe, akaja mpaka nusu ya kamba, akasimama, akapunga vipapasio vyake, akarudi. Nilikaribia kumwita. Akaja tena na wenzake wawili, wakafika juu ya ukuta, wakapita, wakagusa mnazi. Nikamwita mke wangu kwa kelele akaacha mchuzi jikoni ukaungua. Kabla ya magharibi kamba yote ilikuwa nyekundu, wanakwenda wanarudi, na mimi mtu mzima mwenye mvi nimesimama chini yao nawaambia, "Piteni, piteni, karibuni."

Mwezi ule karara jipya, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, likapasuka. Vidaka vitatu vya kwanza vikaanguka nikaona nimekwisha. Cha nne kikashika, na cha tano. Kila asubuhi nilitoka kuutazama mnazi kabla ya chai. Ndago likarudi kwenye ukoka, nikalisamehe. Kila Ijumaa nilimpigia simu binti yangu: yamefika kama ngumi, yamefika kama kichwa cha paka. Akicheka, na mimi moyo unaniruka.

Alikuja kwetu tumbo limetangulia. Siku mama yake aliposema sasa ni wakati, tulimwita mkwezi. Alipanda akalaani, akashuka akalaani zaidi, lakini kole la madafu lilishuka kwa kamba salama. Mama mkwe akachagua moja, akalikata mwenyewe. Binti yangu aliketi barazani amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Mama alinambia vidaka vilikuwa vinapukutika vyote," alisema. "Mnazi wangu ulikuwa na nini?"

Nikafungua mdomo. Mama mkwe akatangulia.

"Uliingia mdudu," alisema, akipangusa panga kwa kanga. "Baba yako ndiye aliyewarudisha majimoto. Hakuondoka chini ya mnazi."

Hakunitazama. Binti yangu alinitazama, macho yamejaa maji, kisha akainamisha kichwa akanywa, akanywa mpaka tone la mwisho. Wakati huohuo chungu mmoja, aliyeshuka na kole, akanipanda shingoni akaniuma kwa meno yake yote. Mkono uliinuka wenyewe kumpiga. Nikaurudisha chini.